Daktari, nasikia maji yanatiririka mguuni na mguu ni mkavu: je, mishipa yangu ya fahamu inakufa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41. Nilizunguka hospitali kwa miaka minne, na mwaka jana nikaambiwa nina fibromayaljia, ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima. Maumivu ya mwili na uchovu nimeanza kuvizoea. Kinachonitisha ni mambo mengine. Nasikia maji yanatiririka kwenye paja, nikipashika pamekauka. Usiku nyayo zinawaka moto. Mara wadudu wanatambaa mgongoni, mara kitu kama shoti ya umeme kinapita kidoleni. Hata shuka ikinigusa begani nasikia kama nimeungua. Nilipimwa mishipa ya fahamu kwa mashine, majibu yakawa mazuri. Sasa mume wangu ananiuliza kama si mawazo tu. Nimeandikiwa pregabalini, ipo kabatini, naogopa kuimeza. Je, mishipa yangu inakufa? Nitaishia kupooza?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Hapana, fibromayaljia haimpoozeshi mtu. Haipindishi viungo wala haili misuli. Nimewaona wagonjwa wa maradhi haya kwa miaka mingi, na hofu ya kupooza ndiyo ninayoisikia kuliko zote. Wengine hawathubutu kuitamka mpaka wameshaaga na kushika kitasa cha mlango, ndipo wanageuka: "Daktari, lakini nitatembea?"

Utatembea. Ila najua neno hilo peke yake halitakusaidia saa nane za usiku nyayo zikiwaka. Kwa hiyo kuna jambo moja nataka ulishike, na mengine yote nitakayoandika yanatoka humo: unachokisikia ni cha kweli, lakini habari kinachokuletea si ya kweli. Moto unausikia kweli, na ngozi haiungui. Maji unayasikia kweli, na maji hayapo. Mtu akishindwa kutenganisha mambo haya mawili huishia pabaya kwa njia mbili: ama anaanza kujiona anarukwa na akili, ama kila mchomo mpya unakuwa kwake tangazo la msiba.

Tuanze na hayo maji, maana watu wengi huyaona ndiyo ya ajabu kuliko yote na huona aibu kuyasema. Ngozi ya binadamu haina sehemu inayotambua unyevu. Inayo miisho ya neva ya kutambua ubaridi, joto, mguso, mkandamizo, kuwasha na maumivu. Ya kutambua majimaji haimo kabisa. Unapotumbukiza mkono kwenye ndoo, ubongo unapokea taarifa mbili kwa pamoja, ya ubaridi na ya mguso mwepesi unaosogea, kisha wenyewe unajumlisha na kusema haya ni maji. Umefanya hesabu hiyo tangu utotoni, na kwa kawaida inatoka sawa. Sasa mishipa midogo inayobeba ubaridi na mguso ikianza kutuma ujumbe bila kuguswa na chochote, ubongo unajumlisha vilevile na kupata jibu lilelile. Hesabu haina kosa. Tarakimu ndizo zenye kosa.

Nilikuwa na mgonjwa, mama mtu mzima, aliyekuwa akizungumza nami huku kila baada ya muda mfupi akiinama kujifuta kigimbi kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kikavu na alijua ni kikavu, lakini mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Nilipomweleza kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuyahisi maji moja kwa moja, kwamba sote tunayakisia, alinyamaza kidogo, kisha akakikunja kile kitambaa akakiweka kwenye pochi. Hisia haikuondoka siku ile. Kilichoondoka ni ile kazi ya kuinama na kujifuta, na hofu iliyokuwa inaiendesha.

Wadudu wanaotambaa, moto wa nyayo na sindano sindano vinatoka katika ukoo huohuo wa mishipa midogo. Mwilini mna mishipa minene ya fahamu inayoendesha misuli na kutambua mtetemo, na mna myembamba sana inayobeba joto, ubaridi, muwasho na maumivu. Ile mashine uliyopimiwa husoma umeme wa mishipa minene tu. Myembamba haiioni. Kwa hiyo majibu yako mazuri yana maana mbili, na zote zina faida kwako: mishipa inayokutembeza iko salama, na wala hakuna aliyethibitisha kwamba huhisi kitu. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani na wa Marekani, kila upande kivyake, walichukua vipande vidogo vya ngozi ya miguu ya watu wenye fibromayaljia wakavitazama kwa darubini, wakakuta sehemu kubwa yao wana upungufu wa ile miisho myembamba ya neva. Si wote, ni kama nusu hivi. Upungufu huo haumpoozeshi mtu, maana si mishipa hiyo inayoamrisha misuli. Nakutajia ili siku ukiambiwa "vipimo vyote vizuri, huna kitu" ujue kwamba kipimo kilichofanyika hakikuelekezwa mahali pale.

Sehemu kubwa zaidi ya maelezo, hata hivyo, iko juu, kwenye uti wa mgongo na ubongo. Fikiria redio ambayo kitufe chake cha sauti kimekwama juu. Kituo ni kilekile, mtangazaji ni yuleyule, lakini hata akipumua unasikia. Uti wa mgongo una njia za kupandisha taarifa kwenda ubongoni, na ubongo nao unateremsha breki za kuzipunguza, kwa kutumia kemikali kama serotonini na noradrenalini. Katika fibromayaljia kinachopandisha kimezidi na breki zimelegea. Kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo wa wagonjwa imepimwa kemikali inayobeba taarifa za maumivu, iitwayo dutu P, ikakutwa ni kama mara tatu ya ile ya watu wengine. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwaminya wagonjwa ukucha wa kidole gumba wakiwa ndani ya mashine ya MRI. Mkandamizo uliokaribia nusu ya ule wa mtu mzima wa afya uliwasha sehemu zilezile za maumivu ubongoni. Hiyo ni picha ya ubongo, na mgonjwa hawezi kuigiza picha.

Mwaka 2017 chama cha kimataifa cha uchunguzi wa maumivu kiliyapa maumivu ya namna hii jina lake, maumivu ya nosiplastiki. Si ya jeraha, wala si ya neva iliyokatika. Ni ya mfumo wa fahamu uliobadilika namna ya kuchuja taarifa. Ndiyo maana shuka inakuunguza. Mimi wagonjwa hawa huwa nawatambua hata kabla hawajamaliza kujieleza, kwa kifaa cha kupimia presha tu: mkanda ukianza kujaa upepo, bega linapanda, uso unakunjamana, na wengine wanaomba niufungue. Mtu mwingine angesema unabana kidogo. Kwao unauma.

Sasa tuje kwa mumeo na hilo neno "mawazo". Ni neno linaloumiza, na nasikitika kwamba mara nyingi huanzia midomoni mwa sisi matabibu, likafika nyumbani likiwa limebeba uzito wa koti jeupe. Fibromayaljia si ya kufikirika. Wakati huohuo sitakuficha kwamba mawazo, huzuni, hofu na kukosa usingizi hupandisha ile sauti ya redio, kwa sababu njia za breki za maumivu na njia za hisia za moyo zinapita mitaa ileile ya ubongo. Kusema msongo unaongeza maumivu si sawa na kusema msongo umeyabuni. Mwombe mumeo asome aya hii na ile ya ukucha wa kidole gumba. Nadhani anauliza kwa sababu anaogopa, na hajui aulize vipi.

Kabla hujaweka kila kitu kwenye kapu la fibromayaljia, kuna kazi ya kufanya. Hapa naomba uwe mkali, hata kwa daktari wako kwa heshima zote. Kuwa na fibromayaljia hakumkingi mtu na ugonjwa mwingine. Nyayo zinazowaka usiku zinadai upimwe sukari, vitamini B12, tezi ya shingo, figo, na VVU kama hujapima karibuni. Kama unakunywa pombe, iseme. Leta orodha ya dawa zote unazotumia. Metformini ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi, hushusha B12. Isoniazidi ya kifua kikuu humaliza vitamini B6 mwilini, ndiyo maana hutolewa pamoja nayo.

Nikiwa hapo hapo kwenye B6, nina onyo ambalo ningependa lingebandikwa ukutani. Watu wenye ganzi hukimbilia vidonge na sindano za "kujenga neva", mchanganyiko wa B1, B6 na B12, na huvitumia miezi na miezi kwa kuamini vitamini haina madhara. B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu, na dalili zake ni ganzi na kuwaka moto. Mtu anaona hali imezidi, anaongeza dozi. Kama unatumia kitu cha namna hiyo, soma karatasi yake, jumlisha B6 unayopata kwa siku kutoka kila chupa, na umuulize daktari kama bado unaihitaji.

Miguu nayo ina jambo lake. Kama huo moto au wadudu huja zaidi jioni ukiwa umetulia, unalazimika kuchezesha miguu, na ukiinuka kutembea unapata nafuu mara moja, yawezekana ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Unawapata sana wenye fibromayaljia, na una tiba yake. Hapo hupimwa akiba ya madini ya chuma, kipimo kiitwacho feritini. Mara nyingi hutibiwa ikiwa mikrogramu 75 kwa lita au chini, hata kama damu yenyewe haijapungua. Na ile shoti ya kidoleni, angalia ni kidole gani. Ikiwa ni gumba, cha shahada na cha kati, inakuamsha usiku na unalazimika kukung'uta mkono, huenda neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Hilo ni tatizo jingine, si fibromayaljia yenyewe, na hutibika.

Hisia za fibromayaljia zina tabia zake. Zinahama. Leo paja, kesho shavu. Zinakuja pande zote mbili au zinabadilishana. Zinapanda baada ya usiku mbaya, safari, ugomvi au siku ya kazi nyingi, na zinashuka. Hazichukui nguvu: unasikia mguu mzito, lakini ukiambiwa simama kwa visigino unasimama. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kinyume cha hayo, ganzi iliyokaa mahali pamoja na kutanuka wiki hadi wiki, nguvu zinazopungua kweli hadi unaangusha vitu au unajikwaa, kuona ukungu kwenye jicho moja, homa, au kukonda bila sababu. Hayo yanahitaji daktari ndani ya siku chache. Mengine hayasubiri hata kesho: mdomo kupinda, mkono na mguu wa upande mmoja kulegea ghafla, kushindwa kutamka maneno, au ganzi ya sehemu za siri na makalio pamoja na mkojo kuziba au kutoka bila kujua. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, na usikubali mtu akwambie ni fibro yako.

Ukishachunguzwa na hayo hayapo, kazi inabadilika. Inakuwa ni kuteremsha sauti ya redio.

Hisia ya ajabu ikija, angalia mara moja. Shika pale mahali kwa kiganja kizima, kwa uzito, si kwa ncha za vidole. Iite kwa jina lake, hata kwa sauti: "Haya ni yale maji." Halafu toa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko ile uliyovuta, mara tano au sita, na urudi kwenye ulichokuwa unafanya. Usiangalie mara ya pili. Najua inaonekana ni jambo dogo kwa mateso makubwa, ila lina sababu yake. Mtu akiogopa hupumua haraka haraka bila kujijua, hewa ya kaboni inapungua kwenye damu, na upungufu huo wenyewe unaleta sindano sindano za vidole na ganzi kuzunguka mdomo. Kwa hiyo hofu inazaa hisia mpya inayofanana kabisa na ile iliyoileta. Pumzi ndefu inakata mnyororo huo katikati. Na kule kukagua ngozi mara kumi kwa saa kunaufundisha ubongo kwamba pale mahali ni muhimu, upasikilize zaidi.

Kwa sababu hiyohiyo daftari la dalili liwe la mistari mitatu jioni, basi: ulilala vipi, ulifanya nini, kilichokusumbua zaidi ni kipi. Wapo walioniletea madaftari yenye maelezo ya kila nusu saa. Nikayasoma kwa huruma, kwa kuwa niliona siku nzima ya mtu imeliwa na ulinzi.

Usingizi naupa nafasi ya kwanza kuliko dawa. Mwaka 1975 watafiti wa Toronto walichukua vijana wazima wasio na ugonjwa wowote, wakawavuruga kila walipozama kwenye usingizi mzito, bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache wakaanza kulalamika miili inauma na kuchoka, na wakibonyezwa misuli wanaruka. Walipoachwa walale, wakarudi hali zao. Wewe umelala vibaya miaka mitano. Amka saa ileile kila siku, hata baada ya usiku mbaya, hata siku ya mapumziko. Hilo lina nguvu kuliko kujilazimisha kulala mapema. Kama unakoroma kwa nguvu au watu wanakwambia unakatika pumzi usingizini, lisemwe hospitalini, lina vipimo vyake. Nyayo zikiwaka, zitoe nje ya shuka au uziloweshe kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi. Barafu usitumie. Ngozi ambayo hisia zake zimevurugika inaweza kuungua kwa baridi kama inavyoungua kwa moto, nawe usijue.

Kuhusu mazoezi, nakuandikia nikijua unachokifikiri: mtu anayeunguzwa na shuka anaambiwa akafanye mazoezi! Lakini katika miongozo ya EULAR, chama cha Ulaya cha wataalamu wa maradhi ya viungo, iliyotoka mwaka 2016, baada ya kupitia tiba zote, mazoezi ndiyo tiba pekee iliyopewa pendekezo la nguvu. Dawa zilizopendekezwa zote zilipata pendekezo dhaifu. Makosa huwa kwenye kipimo. Mgonjwa anaamka siku moja anajisikia vizuri, anafua, anafagia, anapanga kabati, anatembea saa nzima, kisha analala siku tatu hoi. Akipata nafuu anarudia. Nimewaona walioishi miaka kumi katika mtindo huo, na kila anguko linawathibitishia kwamba mwili umeharibika.

Wewe anza na kile unachokiweza siku mbaya, kisha ukigawe nusu. Kama siku mbaya unaweza kutembea dakika kumi, anza na tano, kila siku, siku nzuri na mbaya. Siku nzuri usizidishe. Hapo ndipo penye ugumu, na ndipo penye dawa. Baada ya wiki mbili ongeza dakika moja. Wiki za mwanzo maumivu yanaweza kupanda kidogo. Kama kesho yake yametulia, uko sawa. Kama yamekulaza zaidi ya siku mbili, punguza, usiache. Kutembea ndani ya maji ya vuguvugu, kwa anayeyapata, huwafaa sana wale ambao nguo na upepo vinawaumiza, kwa sababu maji yanakandamiza ngozi yote kwa pamoja na sawasawa. Mazoezi ya taratibu ya Kichina yaitwayo tai chi nayo yamefanyiwa majaribio mazuri kwa ugonjwa huu.

Sasa ile pregabalini kabatini. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa fibromayaljia mwaka 2007, ikiwa ya kwanza, na duloksetini ikafuata mwaka 2008. Si dawa ya kutuliza maumivu kama unavyozijua. Inashika milango ya kalishamu kwenye neva zilizochangamka kupita kiasi na kuzipunguzia kelele. Wapo wanaopata nafuu kubwa, lakini ni wachache. Wengi hupata ya kiasi, na wengine hawapati kitu. Kwa hiyo ichukulie kama jaribio lenye tarehe ya mwisho, si ndoa. Mwombe daktari uanze na dozi ndogo ya usiku, ipande polepole. Siku za kwanza tegemea kizunguzungu na usingizi. Baadaye miguu inaweza kuvimba na mwili kunenepa, pima uzito wako sasa hivi ili uwe na cha kulinganisha. Usiendeshe gari mpaka ujue inakufanyaje. Usiichanganye na pombe wala na dawa kali za jamii ya mofini. Kama kuna uwezekano wa kupata ujauzito, liseme kabla ya kidonge cha kwanza. Figo zikiwa na tatizo, dozi hupunguzwa. Ukifika miezi miwili au mitatu kwenye dozi inayofaa na huoni tofauti, hakuna haja ya kuendelea, ila isikatwe ghafla, ishushwe kidogo kidogo.

Amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, miligramu 10 hadi 25 kwa kuanzia, ni njia nyingine ya zamani inayosaidia hasa usingizi. Ukiwahi kutumia duloksetini au dawa za jamii yake, kumbuka kwamba kuziacha ghafla kunaleta shoti za umeme kichwani na mwilini. Nimewahi kumhangaikia mgonjwa kwa shoti hizo kabla hajanitajia kwamba vidonge vilimwishia wiki iliyopita. Diklofenaki na ibuprofeni hazifanyi kazi ya maana hapa, kwa vile hakuna uvimbe wa kutibu, na zikitumiwa kila siku zinaumiza tumbo na figo. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, haisaidii. Dawa za jamii ya mofini zina hatari zaidi, zikizoeleka zinaweza kuongeza usikivu wa maumivu.

Bega linalounguzwa na shuka linaweza kuzoeshwa. Chukua kitambaa laini kuliko vyote ulivyonavyo. Anzia mahali ambapo ngozi haina shida, sogea kuelekea penye shida mpaka mpakani, sugua taratibu dakika mbili huku unatazama, mara tatu kwa siku. Kila wiki ingia ndani kidogo. Baadaye badili kitambaa, kiwe kigumu zaidi. Ubongo unaona kwa macho kwamba ni kitambaa tu, na taratibu unarekebisha hesabu zake. Huchukua wiki, si siku. Wakati huo vaa nguo pana, ugeuze mishono na lebo ziwe nje, na kamba za sidiria ziwe pana au uziache kabisa ukiwa ndani.

Kuna jambo uliloliandika kwa mbali, au pengine nimelisoma mimi katikati ya mistari: umechoka. Miaka mitano ya maumivu inaweza kuleta sonona ya kweli, inayotibika kivyake, na ikitibiwa maumivu nayo yanashuka. Kama kuna usiku unaowaza ni afadhali usiamke, mwambie mtu siku hiyohiyo, mumeo, ndugu, au daktari. Hilo usilitunze peke yako.

Na kwa kuwa nimemtaja mumeo tena, hapa namwandikia yeye. Ndugu yangu, ukitaka kumgusa mkeo, muulize kwanza leo ni wapi pasipouma. Usimpapase kwa vidole, mguso mwepesi ndio unaochoma. Weka kiganja kizima, uzito wa kutosha, kisha ukitulize hapohapo bila kukisogeza mpaka yeye mwenyewe aseme.